Mlango wa Nne: Kifaranga Atokapo Jotoni Kwenda Tunduni, Katika Historia ya Unguja

Watu wa pwani wana msemo mmoja mrefu kuliko ilivyo desturi ya misemo yao: kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui, na akiangua halei, na akilea huchukuliwa na mwewe. Aghalabu msemo huu hutolewa kwa kulalamikia bahati. Mtu hujaribu jambo likamharibikia. Hujaribu tena, likamharibikia mbele zaidi. Na anayemsikiliza hutikisa kichwa na kuutaja. Walakini ukiondolewa uchungu wake, msemo huu ni hesabu sahihi ya ufugaji. Umetaja milango minne ambayo mali ya kuku sharti ipite: kutaga, kuangua, kulea, na kutoka nje. Tena umeipanga kwa kadiri ya hasara. Yai lisilotagwa halikumgharimu mtu kitu. Lakini kifaranga anyakuliwaye uani amekwisha kula chakula, muda na matumaini ya nyumba nzima.

Katika kisiwa cha Unguja mlango huo wa nne una historia yake, na historia hiyo yaonyesha jambo ambalo msemo haukulisema. Mwewe si bahati tupu. Baadhi ya wale wanaomnyakua kifaranga waliletwa na watu kwa shauri, na baadhi ya vile vinavyomwokoa vilitokana na shauri pia. Kati ya mashauri hayo yupo mfugaji, aghalabu mwanamke, ambaye hana budi kujua siku ya kumtoa kifaranga jotoni na kumpeleka tunduni, na kujua ni kazi gani za mama zinazomwangukia yeye siku hiyo.

Kuku mwenyewe ni mgeni wa kale. Asili yake ni kuku-mwitu wa misitu ya Asia ya kusini-mashariki, na alifika pwani ya Afrika ya Mashariki baada ya kupita mikono na bahari nyingi. Katika Unguja, mifupa yake imepatikana Unguja Ukuu, mji wa kale wa upande wa kusini-magharibi wa kisiwa, ambao ulikuwa bandari ya biashara katika milenia ya kwanza baada ya Kristo. Felix Chami, mwanaakiolojia wa Tanzania, alidai kwamba kuku walikuwapo zamani zaidi, kwa ushahidi wa Pango la Kuumbi karibu na Jambiani. Lakini wachunguzi waliorudi pangoni humo mwaka 2012 hawakuupata ushahidi wa kuku wa kale kiasi hicho. Uchunguzi wa mifupa ya pwani uliochapishwa mwaka 2017, chini ya uongozi wa Mary Prendergast, ulimtazama kuku pamoja na panya mweusi, kwa kuwa wote wawili ni wageni waliokuja kwa njia ya bahari. Hapo pana mazingatio. Panya ni katika maadui wakubwa wa kifaranga wakati wa usiku. Vyombo vilivyomleta kuku vilimleta na mwizi wake, na tangu mwanzo tundu la kuku katika visiwa hivi lilikuwa na haja ya mlango.

Uchunguzi wa damu za kuku wa Tanzania umeonyesha kwamba mama zao wa kale walitoka katika koo mbili, moja ikielekea Bara Hindi na ya pili Asia ya kusini-mashariki. Kuku wa Unguja na wa Pemba wamehesabiwa na wataalamu miongoni mwa aina za kienyeji zenye sura zao, na pamoja nao yupo kuchi, kuku mrefu wa miguu na mwenye shingo ya kivita, ambaye watu wa pwani humthamini sana. Lugha nayo inashuhudia ukale wa mazoea haya. Mswahili hana neno moja tu la kuku. Yuko kifaranga, kisha pora aliye jogoo kijana, na tembe aliye kuku jike asiyetaga bado. Yuko koo atagaye na kuatamia, na mtetea, na jogoo, ambaye pia huitwa jimbi. Majina haya ni daraja za umri na kazi, na kila daraja ina mlango wa kuingilia.

Zamani, mlango wa kutoka nje ulikuwa chini ya ulinzi wa mama peke yake. Kuku wa kienyeji huatamia mayai kumi au zaidi kidogo kwa siku 21, na vifaranga wake wakisha kukauka huwatoa na kuzunguka nao. Kazi anazozifanya ni nyingi kuliko zinavyoonekana. Ya kwanza ni joto. Kifaranga huzaliwa na manyoya laini yasiyozuia ubaridi, na mwili wake hauwezi kujitunzia joto katika wiki mbili tatu za mwanzo. Basi kila baada ya muda hurudi chini ya bawa, akapashwa, akatoka tena. Ya pili ni ulinzi. Mama ana mlio wa kuita chakula, ana mlio wa hatari ya ardhini, na ana mlio mwingine wa hatari ya angani. Na vifaranga husikia tofauti, wakakimbilia au wakajificha. Ya tatu ni mafunzo. Msemo wasema kuwa mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, nao ni kweli kwa kuchakura. Lakini mwaka 1996 wachunguzi wawili wa Chuo Kikuu cha Bristol, Christine Nicol na Stuart Pope, walionyesha kwamba kuku akiwaona vifaranga wake wanadonoa chakula ambacho yeye amekijua kuwa kibaya, huzidisha kudonoa na kuchakura mbele yao ili kuwavuta kwenye kilicho kizuri. Basi kuchakura hakufunzwi, ila cha kumeza hufunzwa.

Kazi ya nne ya mama ndiyo isiyosifiwa na mtu, nayo ni kufukuza. Baada ya wiki nane, kumi au kumi na mbili, yule yule aliyewafunika watoto kwa bawa huanza kuwadonoa wakimkaribia. Mtazamaji asiyejua huona ukatili. Lakini kufikia hapo vifaranga wana manyoya, wanajua uwanja, wanajua mlio wa mwewe, na wanajua tundu lilipo. Mama hakuwatoa jotoni kwa siku moja. Aliwatoa kidogo kidogo tangu siku ya pili ya maisha yao, kila siku akiwafunika muda mfupi zaidi na kuwatembeza mwendo mrefu zaidi. Kule kufukuza ni kutia muhuri tu juu ya kazi iliyokwisha kutendeka.

Tundu walilolirudia jioni lilitofautiana kwa mahali. Katika mashamba ya magharibi ya kisiwa, penye udongo mzito, minazi na mikarafuu, tundu lilijengwa kwa fito na udongo, likaezekwa makuti, na mara nyingi likainuliwa juu ya nguzo. Katika nchi ya mawe ya mashariki na kusini, Makunduchi, Jambiani na Paje, mawe ya matumbawe yapo tele, na ua wa mawe ulifaa watu na mifugo. Katika Mji Mkongwe, ambako nyumba zimeshikana na vichochoro ni vyembamba, kuku alikaa katika ua wa ndani au chini ya ngazi, akila chicha la nazi na chenga za mchele. Kuku wa kuuzwa alifungwa miguu au akatiwa katika tenga, akaenda sokoni. Na tangu lilipojengwa soko la Darajani mwaka 1904, njia nyingi za kuku wa kisiwa hiki ziliishia hapo.

Maadui wa usiku walikuwa wakijulikana: ngawa, cheche, chatu na panya. Alikuwako na chui wa Unguja, ambaye mbuzi na kuku wa vijijini walikuwa windo lake. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ilifanywa kampeni ya kuwaua chui hao, pamoja na kuwaandama wale walioshukiwa kuwafuga kwa uchawi, na tangu hapo amekuwa nadra hata wengi wanamhesabu kuwa ametoweka. Hao wote huja usiku, na dawa yao ni mlango imara. Adui wa mchana alikuwa mwewe, na pamoja naye kipanga. Hao huja kutoka juu, mmoja mmoja, na mlio wa mama uliwatosha mara nyingi.

Mnamo miaka ya 1890 aliongezeka adui wa namna nyingine. Kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu, ambaye asili yake ni Bara Hindi, aliletwa Unguja katika miaka ya mwanzo ya himaya ya Kiingereza. Sababu itajwayo ni usafi: mji ulikuwa na takataka nyingi, na ndege huyo alijulikana katika miji ya Hindi kuwa mlaji wa taka. Shauri hilo lilikuwa na sura ya busara. Lakini kunguru hakutia sahihi mkataba wa kula taka peke yake. Alikula mayai, alikula makinda ya ndege wengine, akala vifaranga. Akaongezeka mjini, akaenea mashamba, akavuka hata bara, na kunguru wa asili mwenye kifua cheupe akasukumwa pembeni. Mwewe huja peke yake, akapiga mara moja na kwenda zake. Kunguru huja kwa kundi, mmoja akamshughulisha mama upande huu, wa pili akachukua upande ule. Mlio uliotosha kwa mwewe hautoshi kwa kunguru.

Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990, kwa msaada wa Finland, ilifanywa kampeni kubwa ya kuwapunguza kwa mitego na kwa sumu, na makumi ya maelfu wakaangamizwa. Kwa muda mji ulikuwa na nafuu. Kampeni ilipokoma, waliobaki walizaana, nao wakarudi katika miembe na miarobaini kama zamani. Mwaka 2024 serikali ya Kenya nayo ilitangaza azma ya kuwaangamiza kunguru milioni moja katika pwani yake. Basi shauri lililofanywa Unguja zaidi ya karne moja iliyopita, kwa ajili ya takataka za mji, lingali linalipwa na mwenye vifaranga wanane katika ua wa Makunduchi. Msemo ulimtaja mwewe kwa kuwa ulitungwa na watu waliomjua mwewe. Lau ungalitungwa leo, ungalimtaja kunguru.

Katika kisiwa kilichojaa kunguru ndimo ilimoingia bruda, ambayo baadhi ya vitabu vya ufugaji vya Tanzania huiita kinengunengu. Fikira yake ni ya kale. Wamisri walikuwa wakiangua mayai katika tanuri za udongo tangu enzi zilizotangulia Uislamu na Ukristo, na Aristotle aliandika habari za mayai yaanguliwayo Misri pasipo kuku. Mwanachuoni wa Kifaransa, Réaumur, alichapisha mwaka 1749 kitabu chake juu ya ufundi huo, baada ya kujaribu mjini Paris kuangua mayai kwa joto la samadi. Lakini Réaumur aligundua kwamba kuangua ni nusu ya kazi. Vifaranga wake walipotoka hawakuwa na bawa la kurudia. Basi akatengeneza sanduku lililotandikwa ngozi ya kondoo yenye sufu, likipata joto kwa nje, na vifaranga wakaingia chini yake. Chombo hicho alikiita mama wa kubuni. Karne iliyofuata, huko Petaluma katika California, mwaka 1879, Lyman Byce na Isaac Dias walitengeneza mashine ya kuangulia iliyofaa kwa biashara, na tangu hapo vifaranga wasio na mama wakawa bidhaa. Nao walisafirishika kwa sababu moja ya maumbile: kifaranga humeza kiini cha yai tumboni mwake kabla ya kutoka, na akiba hiyo humtosha siku mbili hata tatu bila ya kula. Ndiyo sababu kifaranga wa siku moja aweza kutiwa katika boksi lenye matundu Dar es Salaam, akavuka bahari kwa meli, akafika Unguja mzima.

Jina alilolichagua Réaumur lina neno la kweli na neno la uongo. Ni mama kwa joto, wala si mama kwa kitu kingine. Taa ya kandili, chungu cha mkaa, au balbu ya umeme juu ya duara la maboksi na maranda, vyote hivi hurithi kazi ya kwanza tu katika zile kazi nne. Havina mlio wa hatari, havimwonyeshi kifaranga cha kumeza, wala havijui siku ya kufukuza. Kazi tatu zilizobaki hazikufutika kwa kukosa mrithi. Zilimngoja mfugaji mlangoni, na siku ya kuwatoa vifaranga humdai zote kwa pamoja.

Pamoja na upungufu huo, bruda ilikuwa na sababu nzuri ya kupokelewa. Kuku aachwaye kwa desturi yake hutaga, huatamia na kulea kwa mzunguko wa miezi mitatu au minne, na sehemu kubwa ya muda huo ni malezi. Akiondolewa vifaranga mapema, hurudi kutaga mapema. Basi wataalamu wa mifugo, na baadaye shamba darasa zilizoendeshwa Unguja na Pemba mwanzoni mwa karne ya 21, walifundisha kuatamisha kuku kadhaa kwa wakati mmoja, kukusanya vifaranga wao mahali pamoja, kuwapa joto la kubuni, na kuwarudisha mama zao kwenye utagaji. Katika nyumba yenye koo wanne au watano, tofauti hiyo si ndogo.

Kuna neema nyingine ambayo vitabu vilivyotungwa katika nchi za baridi haviitaji. Kanuni ya kawaida ni kumpa kifaranga joto la digrii 32 hadi 35 katika wiki ya kwanza, kisha kulipunguza kwa digrii tatu hivi kila wiki, mpaka lilingane na hewa ya nje. Katika Ulaya kulingana huko huchukua muda mrefu. Unguja, wakati wa kaskazi, kati ya Disemba na Machi, joto la mchana hupita digrii 30 na usiku nao una vuguvugu. Kifaranga wa wiki tatu au nne mwenye manyoya ya mbawani aweza kutoka. Lakini kanuni hii haiendi majira yote. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, huleta mvua nzito na ardhi iliyolowa. Na katika unyevu huo ndimo vinamostawi vijidudu vya kuhara damu, ambavyo huua vifaranga kuliko ubaridi wenyewe. Kipupwe, mwezi wa Juni hadi Agosti, usiku hushuka hata digrii 22 au chini yake kidogo, na upepo wa kusi hupita katika fito za tundu. Hapo kungoja wiki ya tano au ya sita ni busara. Mfugaji ahesabuye umri wa kifaranga bila ya kutazama majira amesoma nusu ya kalenda.

Kwa kutegemea chombo kwa joto, mfugaji alijitia pia katika utegemezi mwingine. Tangu mwaka 1980 umeme wa Unguja ulitoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, hadi Fumba. Mwezi wa Mei 2008 waya huo ulikatika mawasiliano, na kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Tarehe 10 Disemba 2009 ukakatika tena, na umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Katika habari za miezi hiyo yalizungumzwa maji yaliyokosa kusukumwa, mahoteli, mahospitali na majenereta. Kifaranga hakuzungumzwa, naye ni haki yake kutotajwa mbele ya wagonjwa. Lakini maana ya jambo lile kwake ni wazi. Giza la pili lilikuwa refu, ila liliangukia kaskazi, wakati ambao hewa yenyewe ilisaidia. Giza la kwanza lilikuwa fupi, lakini liliangukia mwisho wa masika na kuingia kwa kipupwe, wakati ambao kifaranga anahitaji bawa kuliko wakati wote. Waya mpya wenye nguvu zaidi ulianza kazi mwaka 2013. Fundisho lililobaki ni kwamba balbu si bawa: bawa halikatiki kwa hitilafu ya Fumba. Mwenye hekima aliweka kandili karibu na bruda yake, na akiba ya mkaa mkavu kwa chungu.

Kabla ya kifaranga kuvuka mlango yupo adui wa tatu wa kufikiriwa, asiye wa angani wala wa ardhini. Ni ugonjwa wa mdondo, ambao pia huitwa kideri. Ugonjwa huu ulitambuliwa rasmi mwaka 1926, katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle huko Uingereza, nao ukachukua jina la mji huo katika lugha za kitaalamu. Ukiingia kijijini huweza kufagia matundu yote kwa siku chache. Kwa miaka mingi chanjo zake zilihitaji barafu mpaka mlangoni mwa mfugaji, na kijiji kisicho na barafu kilibaki bila ya chanjo. Ukombozi ulikuja na chanjo iitwayo I-2, iliyotokana na kazi ya Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ambayo hustahimili joto kuliko zile za awali. Ilianza kujaribiwa na kutengenezwa Tanzania katika miaka ya 1990, kwenye maabara ya mifugo ya Temeke, na hutiwa tone moja jichoni. Mtu aliyefunzwa siku moja aweza kuitia. Hili nalo ni shauri la watu, kama lilivyokuwa la kunguru. Tofauti yao ni kwamba hili lilianza kwa kuuliza mwenye kuku ana nini nyumbani mwake, na lile halikumuuliza.

Kutoka kwenyewe, basi, ni kazi ya siku kadhaa. Wafugaji wazoefu huanza ndani: balbu huzimwa mchana kwanza, kisha huinuliwa juu au mkaa ukapunguzwa, na vifaranga wenyewe hutoa hukumu. Wakikusanyana na kulia, ni baridi; wakitawanyika na kula kwa utulivu, wametosheka. Udongo kidogo na majani mabichi hutiwa humo ili matumbo yao yaizoee nchi watakayoikalia. Kisha, siku kavu isiyo na upepo, hupelekwa asubuhi na si jioni, ili wapate mchana mzima wa kulijua tundu kabla ya giza. Huwekwa mbali na kuku wakubwa, ambao huwadonoa na kuwaambukiza. Paa na pande hufunikwa kwa wavu wenye macho madogo, kwa sababu ya kunguru mchana na panya usiku.

Kisha hufungiwa. Hapa wafugaji wa kisiwani wana elimu yao wenyewe iliyofumbwa katika msemo: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Watu huutumia kumsema mgeni, kwamba hata afanyeje dalili za ugeni humtoka. Lakini kamba ile asili yake ni kitendo cha huruma. Kuku aliyenunuliwa au kuhamishwa hufungwa kamba siku chache, ili kesho asiende kutafuta alikotoka akapotea. Kifaranga atokaye kwenye bruda ni mgeni wa namna hiyo katika uwanja wa nyumba aliyozaliwa. Hajui mlango, hajui mti wa kivuli, hajui sauti ya mtu wa kumwita. Siku tano au saba za kufungiwa ndani ya tundu jipya, akila na kunywa humo na kulala humo, ndizo kamba yake. Akifunguliwa baada ya hapo, kwanza saa moja kabla ya magharibi, hatakwenda mbali, na giza litamrudisha. Siku zinazofuata hufunguliwa mapema zaidi. Yule mwanamke asimamaye uani saa hizo na bakuli la chenga, akiita na kutazama juu ya miembe, ndiye mlio wa hatari ya angani.

Mwanamke huyo astahili kutajwa mwisho, kwa kuwa msemo ulimtaja kwanza kwa jina la maskini. Katika nyumba nyingi za Unguja, karafuu na ng'ombe vilihesabiwa kuwa mali ya mume au ya ukoo. Kuku walikuwa mali ya mke, auzaye pasipo kuomba ruhusa. Kuku mmoja alikuwa daftari na sare ya mtoto wa skuli, alikuwa dawa, nauli ya kwenda mjini, heshima ya mgeni aliyefika bila ya taarifa, na kitoweo cha Mwaka Kogwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali ilipobana uingizaji wa chakula kutoka nje na vyakula vikawa haba, kilichokuwa uani kilikuwa na thamani zaidi ya bei yake. Na katika miaka ya baadaye, wakati mahoteli ya pwani yalipohitaji kuku na mayai kwa wingi, sehemu kubwa ilitoka bara na nje ya nchi. Soko lilikuwapo mlangoni mwa mfugaji wa Jambiani na Paje. Aliyekosekana ni kuku aliyevuka mlango wa nne.

Ndiyo maana jambo hili dogo linastahili nafasi katika historia. Vitabu hueleza mashine ya kuangulia, kwa kuwa mashine ina mvumbuzi na mwaka. Havielezi siku saba za kufungiwa, kwa kuwa hizo hazina mwenyewe. Lakini ndani ya siku hizo ndimo mali hupatikana au hupotea. Waliomleta kunguru walijua faida ya kunguru, wala hawakumjua mwenye vifaranga. Waliotengeneza mama wa kubuni walijua joto, na mengine wakayaacha. Kila aliyetoa msaada wa nusu aliacha nusu iliyobaki mikononi mwa mtu mmoja, asiye na cheo, uani.

Mama kuku hawatoi watoto wake jotoni siku asiyowatayarishia. Huwafukuza, lakini huwafukuza wakiwa na manyoya, na njia ya tundu wanaijua. Mwenye kuichukua kazi yake kwa taa na boksi ameichukua yote, pamoja na mlio, na chakula, na kamba, na saa ya magharibi. Akilijua hilo, msemo wa maskini hupungukiwa na neno lake la mwisho: hutaga, huangua, hulea, na mwewe hurudi mtini na njaa yake.